Jinsi ya kuandika malalamiko ya taka yatakayofanyiwa kazi: mwongozo kwa mkazi wa Kenya

Mtaa ninaokaa, huku Mombasa, uliamka asubuhi moja ukakuta taka zimemwagwa nyuma ya ukuta wa shule ya chekechea, na mwezi ulipokwisha biwi lilikuwa limefikia kimo cha ukuta wenyewe. Tulikusanya saini zaidi ya 200, tukaandika kurasa nne za hasira, tukazipeleka katika afisi ambayo haikuhusika, zikakaa huko miezi mitatu bila jibu. Barua ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja, yenye saini tatu na picha sita, na mkaguzi alifika katika wiki ya pili. Nimeandika mwongozo huu kutokana na tofauti ya barua hizo mbili.

Kwanza, jua kazi ni ya nani

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya kaunti kazi ya kuzoa taka, kusimamia majaa na kutupa taka ngumu. Kwa hiyo, ikiwa shida yako ni pipa la sokoni lililofurika, lori la kaunti lisilopita, au biwi la maganda na mabaki ya jikoni kando ya barabara, barua yako ya kwanza ni ya idara ya mazingira ya kaunti, na wala si ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA. Watu wengi huidhani NEMA kuwa mzoaji mkuu wa taka nchini. NEMA haizoi taka. Kazi yake ni kutoa leseni kwa wanaosafirisha na wanaoteketeza taka, kukagua, kutoa amri, na kumshtaki anayevunja Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ile inayoitwa EMCA. Na katika hilo inaweza kuikabili hata kaunti yenyewe.

Ikiwa kilichotupwa ni sindano na bandeji za hospitali, betri za magari, mafuta machafu ya gereji au kemikali za kiwandani, au ikiwa unajua kwamba kuna mtu binafsi anayeleta taka kwa gari usiku, basi NEMA ndiyo ya kuandikiwa kwanza, na kaunti ipelekewe nakala. Usikisahau chumba cha tatu, ambacho mara nyingi ndicho chenye mkono mwepesi zaidi: afisa wa afya ya umma, yule ambaye wazee wetu walimwita bwana afya. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inamruhusu kumpa mwenye kiwanja notisi ya kuondoa kero iliyo katika kiwanja chake, na mwenye kiwanja akikaidi, apelekwe mbele ya hakimu. Pale ambapo aliyetupa hajulikani lakini mwenye ardhi anajulikana, njia hii ni fupi kuliko zote, ingawa sijui watu wengi wanaoitumia.

Kabla ya kuandika neno lolote, jitazame wewe mwenyewe

Swali la kwanza ambalo mkaguzi alituuliza, akiwa bado hajashuka garini, lilikuwa hili: "Na nyinyi taka zenu mnampa nani?" Tulitazamana. Nusu yetu tulikuwa tukimpa kijana wa mkokoteni shilingi 50 bila kuuliza anapeleka wapi. Sheria inamtaka yeyote anayezalisha taka ahakikishe kwamba amezikabidhi kwa mtu aliyepewa leseni ya kuzisafirisha, kisha zifike mahali palipotengwa. Kumlipa mtu akuondolee taka mlangoni hakukuondolei wajibu huo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imeongeza jambo jingine, kwamba taka zitenganishwe tangu pale zinapozalishwa, zinazooza kando na zisizooza kando. Tangu Aprili 2024 NEMA imekataza pia taka zinazooza kuwekwa katika mifuko ya kawaida ya plastiki ya kutia ndani ya mapipa. Tena marufuku ya mifuko ya kubebea ya plastiki, iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017, bado ipo. Mlalamikaji ambaye uani mwake kuna mambo hayo huwa amempa anayemlalamikia jibu la kumjibia.

Mzoaji wenu binafsi mwombeni awaonyeshe leseni yake. Asiyekuwa nayo huanza kueleza habari ndefu.

Ushahidi

Hapa ndipo malalamiko mengi hufia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Barua yetu ya kwanza ilitumia neno "uchafu" mara kumi na moja. Neno hilo halimwambii mkaguzi chochote: hajui kama anakuja na glavu za kawaida au na vifaa vya taka hatari, hajui kama ni jambo la leo au la wiki ijayo. Sema unachokiona. "Maganda ya ndizi na mabaki ya samaki" ni jambo moja. "Chupa ndogo za dawa, sindano zilizotumika na mifuko myekundu iliyopasuka" ni jambo jingine kabisa, na la pili litasomwa siku hiyo hiyo.

Piga picha za namna tatu. Ya kwanza ichukuliwe kwa mbali, ionyeshe biwi pamoja na kitu kisichohama, kama vile geti la shule, mnara wa msikiti au kibao cha duka, ili asiwepo wa kusema kwamba ni mahali pengine. Ya pili iwe ya karibu, ionyeshe taka zenyewe, hasa lebo za maboksi, risiti na magunia yenye jina, kwa maana hizo ndizo zitakazomtambulisha aliyezizalisha. Usichakure kwa mikono wala usipasue mfuko uliofungwa; sindano moja inatosha kukuletea maradhi yasiyo na uhusiano wowote na malalamiko yako. Piga picha kinachoonekana juu, ukishamaliza ondoka. Ya tatu, ukijaaliwa, ni ya gari likiwa kazini, nambari ya usajili ikisomeka. Hii usiitafute kwa kujihatarisha. Kuna watu hujificha alfajiri kando ya njia wakingoja lori, na wanaotupa taka haramu si watu wa kuchezewa. Picha ya dirishani, hata ikiwa na giza, pamoja na saa iliyoandikwa, hufaa kuliko ugomvi.

Kisha fungua daftari. La kwetu la mwanzo lilikuwa na maneno "leo tena" kurasa nne nzima, bila tarehe. Kila mstari uwe na tarehe, saa, kilichoonekana, aliyeona, na kama kuna moshi, upepo ulikokuwa ukielekea. Kwa mfano: "Jumanne, 9 Mei, saa 10:40 alfajiri. Lori la buluu, tela imefunikwa turubai. Magunia kama 15. Aliyeona: mama wa mahamri." Alikuwa yeye kwa sababu mtaani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa macho saa hiyo, unga wake huumuka kabla ya adhana, na lori lilikuwa likipita mbele ya jiko lake. Tulichelewa wiki kadhaa kumuuliza, kwa kuwa kamati ilikuwa ya wanaume waliokuwa wakikutana saa mbili usiku.

Barua yenyewe

Iandike kwa Kiswahili ikiwa ndicho unachokimudu. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kikatiba. Weka anwani, tarehe na mstari wa "KUH" unaotaja tendo na mahali. Baada ya hapo, aya tatu zinatosha. Ya kwetu, nikiondoa majina, ilisomeka hivi:

"Sisi ni wakazi watatu wa mtaa huu, na nambari zetu za simu ziko chini. Tangu tarehe 9 Mei tumeshuhudia lori lililo katika picha ya 5 likimwaga taka mara nne, kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri, katika kiwanja kilicho nyuma ya shule ya chekechea. Taka hizo, kama zinavyoonekana katika picha ya 2 na ya 3, zina sindano zilizotumika na chupa za dawa. Ukuta wa darasa uko hatua 12 kutoka hapo.

Tunaomba mambo mawili. La kwanza, mkaguzi wa mazingira afike na atupatie nakala ya ripoti yake. La pili, mwenye lori atakiwe kuonyesha leseni ya kusafirisha taka pamoja na hati ya kufuatilia mzigo."

Ombi hilo la pili ndilo lililofanya kazi. Msafirishaji wa taka mwenye leseni hutakiwa awe na hati inayoonyesha taka zimetoka kwa nani, ni za aina gani na zinapelekwa wapi, nayo hukaa garini wakati wote wa safari. Mwenye lori akiwa nayo, hati itamtaja aliyezizalisha. Asipokuwa nayo, hilo peke yake ni kosa, na mkaguzi hahitaji kuthibitisha jambo jingine ili aanze. Malalamiko yanayosema "tunaomba serikali ichukue hatua" humwachia afisa kazi ya kubuni hatua, na afisa mwenye faili 60 mezani hatabuni.

Usitukane, usimtaje mwanasiasa, na usimtuhumu mtu usiyekuwa na ushahidi juu yake kwa sababu tu mnagombania mpaka. Saini nyingi hazidhuru, lakini tatu za watu watakaopokea simu zinashinda 200 za waliotia sahihi wakipita.

Peleka nakala mbili. Moja iache, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha uihifadhi. Karani akikwambia "acha tu hapo", mwambie kwa upole kwamba utasubiri muhuri; kaa kitini, soma gazeti. Barua pepe nayo itume siku hiyo hiyo, ikiwa na picha. Mpelekee nakala chifu, kwani mkaguzi akifika asipowakuta, huuliza kwa chifu.

Ukinyamaziwa

Zipe afisi wiki mbili au tatu, kisha usirudie barua ile ile. Andika ombi la habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inasema wazi kwamba ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na inaitaka afisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Omba karatasi mahususi: nakala ya leseni ya msafirishaji fulani, ripoti ya ukaguzi wa tarehe fulani, au jibu lililotolewa kwa barua yako ya tarehe fulani, na hapa nakala yenye muhuri huanza kukulipa. Wasipojibu, jambo huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ombudsman. Kwa upande wa mazingira kuna pia Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, iliyoundwa chini ya EMCA kuchunguza malalamiko, yakiwemo yale dhidi ya NEMA. Ikiwa kinachokuudhi ni uamuzi wa kutoa leseni, kwa mfano ya tanuri la kuteketezea taka karibu nawe, kuna jopo la rufaa la mazingira, NET, nalo lina mlango unaofungwa mapema: siku 60.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi ni ya mwisho kwa gharama na kwa muda, lakini mlango wake ni mpana kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara au jeraha. Wakazi wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, waliotiwa sumu ya madini ya risasi (ledi) na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari, walishinda fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. NEMA ilikuwa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Anayefikiria njia hiyo ajue kwamba ni mwendo wa miaka, na kwamba afisi ikidai haikuwahi kuambiwa, jibu lake liko katika barua zilizogongwa muhuri.

Taka zikishaondolewa

Omba nakala ya amri iliyotolewa, iwe ni notisi ya afya ya umma au amri ya NEMA ya kurejesha mazingira, usome imemtaka nani afanye nini na kufikia lini, kwa sababu kuzoa biwi na kusafisha udongo wa chini yake ni kazi mbili, na ya pili husahauliwa. Kwetu magunia yaliondoka kwa siku moja. Majivu na vioo vilivyobaki vilihitaji barua nyingine, yenye mistari minane. Mwombeni mwenye kiwanja aweke ua na taa, hata taa moja. Lori lilirudi mara mbili mwezi wa Julai, na mara zote mbili mkaguzi alipata tarehe, saa na nambari kabla ya saa tatu asubuhi. Daftari bado liko kwa mama wa mahamri, limening'inizwa msumarini kando ya jiko, na mstari wake wa mwisho ni wa Agosti: "Limepita, halikusimama."