Namna ya Kuitazama Wonder Woman 1984 Baada ya Kusoma Komiki Zake

Mwishoni mwa filamu ya Wonder Woman 1984, Diana, ambaye ndiye Wonder Woman, hampigi adui yake Maxwell Lord (Max). Anamzungushia mguuni kamba yake ya ukweli, kisha anaongea. Watazamaji wengi waliokuwa wakisubiri pambano kubwa la mwisho waliona wamepunjwa. Lakini aliyesoma komiki ya Wonder Woman, toleo la 219 la mwaka 2005, anaiona tofauti kabisa sehemu ile, kwa sababu kwenye komiki Diana na Max walishawahi kukutana hivyo hivyo, kwa kamba ile ile, na Max hakutoka hai. Mwongozo huu unaonyesha cha kusoma, kwa mpangilio gani, na wapi watu hupotea. Unafichua mwisho wa filamu na wa komiki pia.

Anza na namba

Kosa la kwanza hutokea kabla hata hujafungua ukurasa. Komiki ya Wonder Woman imeanzishwa upya mara kadhaa, na hesabu ikarudi namba moja. Mfululizo wa kwanza ulianza 1942 ukafungwa 1986 kwenye toleo la 329. Wa pili ulianza 1987 ukafika toleo la 226 mwaka 2006. Baada ya hapo ukaja wa 2006, wa 2011, wa 2016 na wa 2023. Kwa hiyo mtu akikwambia "soma Wonder Woman namba 7", hajakwambia kitu. Andika namba pamoja na mwaka kila unapotafuta.

Ukinunua mkusanyiko badala ya toleo mojamoja, usiamini jalada. Makusanyo hubadilishwa majina yakichapwa upya. Fungua ukurasa wa hakimiliki au maelezo ya muuzaji, usome orodha ya matoleo yaliyomo. Kama huioni orodha hiyo, usilipe.

Kwenye simu, komiki za 1987 zina maandishi madogo na visanduku vingi kwa ukurasa mmoja. Geuza simu ilale, au tumia njia ya kusoma kisanduku kimoja kimoja ikiwa programu yako inayo. Tableti ya inchi 10 inatosha kuona ukurasa mzima bila kuvuta. Na pakua kabla ya kuanza, maana kurasa hizi ni picha na zinakula bando.

Miaka ya 1940, kwa kipimo

Diana alibuniwa na William Moulton Marston, mwanasaikolojia aliyefanya kazi ya kutambua uongo kwa kupima shinikizo la damu, akishirikiana na mchoraji H. G. Peter. Alionekana mara ya kwanza katika All Star Comics 8 mwishoni mwa 1941, akaingia Sensation Comics 1 mwanzoni mwa 1942, na mwaka huo huo akapata komiki yenye jina lake.

Soma hizo tatu, uongeze Sensation Comics 6, basi. Katika All Star 8 yamo mashindano ya Waamazoni, wanawake wapiganaji wa kisiwa anakotoka Diana, ambayo anaingia kwa siri amevaa barakoa. Filamu inaanza na mashindano pia, ila Diana ni mtoto, anakata njia ya mkato, na Antiope, dada wa mama yake, anamtoa kabla hajafika mwisho. Ndege isiyoonekana iko ndani ya Sensation 1. Kwenye filamu Diana anaificha ndege ya kawaida kwa uwezo wake mwenyewe. Sensation 6 ndimo anamopewa kamba. Hapa uwe makini: kamba ya 1942 humlazimisha aliyefungwa kutii chochote anachoambiwa, na kusema kweli ni sehemu tu ya utii huo. Sura ya kamba ya ukweli, yenye moto wa Hestia, mungu wa kike wa Wayunani, inatokana na komiki za 1987. Ukichanganya kamba hizo mbili utadhani filamu imekosea, na haijakosea.

Hadithi za vita zina michoro ya dharau dhidi ya Wajapani na watu weusi. Ni bora ujue mapema. Pia zina maneno mengi kwenye kila kisanduku, hivyo soma hadithi moja au mbili kwa siku, usijilazimishe mkusanyiko mzima.

1987: kisima chenyewe

Ukiwa na muda wa kusoma mkusanyiko mmoja tu, chukua matoleo ya 1 hadi 7 ya 1987, ya George Pérez na wenzake Greg Potter na Len Wein. Ukisoma toleo moja kila jioni, unamaliza ndani ya wiki. Humu kisiwa, ambacho awali kiliitwa Paradise Island, kinaitwa Themyscira, jina la mji wa Waamazoni katika visa vya Wayunani, uliosemwa kuwa kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, upande ambao leo ni Uturuki. Humu miungu ya Wayunani inatajwa kila mmoja na zawadi aliyompa Diana, na uwezo wa kuruka unatoka kwa Hermes.

Kuruka huko kunastahili neno moja zaidi. Katika komiki za mwishoni mwa miaka ya 1950 Diana hakuruka kwa nguvu zake. Alielea juu ya mikondo ya hewa. Filamu imechukua njia hiyo ya zamani. Steve Trevor, rubani na mpenzi wa Diana, anamweleza kuwa siri ni upepo na hewa, na baadaye Diana anaruka kwa kuielewa hewa, si kwa zawadi ya mungu.

Jambo lingine linalochanganya ni asili yake. Mwaka 1942 na 1987 Diana alifinyangwa kwa udongo na mama yake, Hippolyta. Mwaka 2011 Brian Azzarello na Cliff Chiang walimfanya binti wa Zeus, mkuu wa miungu ya Wayunani. Filamu ya kwanza, Wonder Woman ya 2017, ilisimulia kisa cha udongo kwanza, kisha ikafichua kwamba baba ni Zeus. Usijaribu kuvipatanisha. Kila mfululizo una asili yake, na filamu ina yake.

Duma ni wengi

Jina Cheetah, yaani Duma, la adui wa Diana, limebebwa na watu kadhaa. Priscilla Rich alikuwa wa kwanza, toleo la 6 la 1943: tajiri mwenye wivu aliyevaa vazi la duma, asiye na uchawi wowote. Deborah Domaine alifuata 1980. Barbara Ann Minerva, ambaye Kristen Wiig anamwigiza kwenye filamu, aliingia toleo la 7 la 1987 na akaonekana kama Duma toleo la 9. Mkusanyiko unaoishia la 7 utakuachia mlango wazi, kwa hiyo hakikisha unapata na la 9.

Barbara wa 1987 ni mwanaakiolojia mwenye tamaa. Anataka kamba ya Diana kama mtu anayetaka kitu cha kabatini. Nguvu zake zinatoka kwa Urzkartaga, mungu wa mimea ambaye komiki inamweka Afrika. Mungu huyo na ibada yake ni vya kubuni tupu, usivitafute katika dini ya watu wowote wa bara hili. Filamu imemwacha nje, na binafsi naona ni uamuzi mzuri.

Barbara wa filamu, mwenye haya, anayempenda Diana kabla ya kumwonea gere, amefanana zaidi na wa mwandishi Greg Rucka wa mwaka 2016. Soma toleo la 8 la mfululizo huo; lote ni la Barbara. Kuwa makini na mpangilio wa 2016: matoleo ya namba witiri na ya namba shufwa yanasimulia hadithi mbili tofauti kwa zamu. Ukiyasoma 1, 2, 3, 4 utarukaruka kati ya sasa na zamani. Soma 1, 3, 5, 7, 9, 11 pamoja, kisha 2, 4, 6, 8, 10, 12, 14. Makusanyo yaitwayo The Lies na Year One yameshayatenganisha.

Maxwell Lord, na toleo la 219

Max alianza Justice League 1 ya 1987, kazi ya Keith Giffen, J. M. DeMatteis na Kevin Maguire. Ni mfanyabiashara mjanja, mwenye maneno matamu, na kwa miaka mingi hakuwa adui. Soma angalau toleo la 1 uonje sauti yake, kwa sababu Pedro Pascal, anayemwigiza kwenye filamu, ameiigiza sauti hiyo hiyo ya mtu wa matangazo. Baadaye komiki zilimpa uwezo wa kuingia akili za watu, na kila akiutumia damu humtoka puani. Kwenye filamu mwili wake unapoanza kuvuja damu, wasomaji wa zamani wanaitambua alama hiyo.

Mwaka 2005 aligeuzwa adui. Katika Countdown to Infinite Crisis anamuua Ted Kord, shujaa aitwaye Blue Beetle. Kisha inakuja Sacrifice, yenye sehemu nne: Superman 219, Action Comics 829, Adventures of Superman 642, na Wonder Woman 219. Tazama vizuri: kuna 219 mbili. Wengi hununua ya Superman pekee wakidhani wameipata, na mwisho wa hadithi unawapita. Pia mkusanyiko wake umetolewa kwa jina la Superman, kwa hiyo ukitafuta kwa jina la Diana huenda usiuone.

Kinachotokea ni hiki. Max ameishika akili ya Superman. Diana anamfunga Max kwa kamba na kumuuliza namna ya kumwachia huru. Chini ya kamba hakuna uongo, na jibu lake ni kwamba auawe. Diana anamvunja shingo. Soma na Wonder Woman 220 kuona alivyolipia.

Sasa filamu

Tazama ya 2017 kwanza, maana kurudi kwa Steve Trevor hakuna uzito kama hukumwona akifa. Komiki nazo zilimuua 1969 na kumrudisha 1976. Na kipindi alichokufa ndicho Diana alichokuwa hana nguvu, baada ya kuziacha katika toleo la 179 la 1968. Filamu imeyaunganisha: anampata Steve, nguvu zinapungua.

Wonder Woman 1984 ina dakika 151. Usitafute mfululizo mmoja ilikotolewa, haupo. Vazi la dhahabu lenye mabawa linatoka Kingdom Come ya 1996, ya Mark Waid na Alex Ross. Kisa cha Asteria, Mwamazoni wa kale aliyelivaa, ni cha filamu. Jiwe la maombi, linalotimiza ombi la anayelishika na kuchukua kitu chake kama malipo, linahusishwa na mungu wa uongo, anayetajwa pia kwa jina Duke of Deception, adui wa Diana tangu 1942. Fuatilia kila ombi na gharama yake: Diana anapoteza nguvu, Barbara anapoteza utu, na Max, aliyejigeuza kuwa jiwe lenyewe, anachukua malipo kutoka kwa wengine. Ukiishika kanuni hii, sehemu ya katikati ambayo wengi huiona ndefu inaeleweka. Pengo moja linabaki: Barbara anaonekana amerudi kuwa binadamu, lakini hatumsikii akilikana ombi lake, na kulikana ndiko kunakolifuta.

Washa maandishi ya chini kwenye hotuba ya mwisho. Max anazungumza na dunia nzima kwa matangazo, na kupitia kwake kamba inaufikisha ukweli kwa kila anayesikiliza. Mwaka 2005 ukweli wa kamba ulimwachia Diana njia moja tu, ya kuua. Hapa ukweli ule unamfanya Max amwone mwanawe akimtafuta, naye analikana ombi lake mwenyewe.

Usizime majina yakianza kupita. Mwanamke anayeuzuia mlingoti usiwaangukie watu ni Lynda Carter, aliyekuwa Wonder Woman wa televisheni kuanzia 1975 hadi 1979, na jina analojitaja ni Asteria.