Ukienda kuona ndege za zamani, inama

Ndugu zangu wa Arusha, kama kuna mwenye safari ya Uingereza, iwe masomo au kumwona shangazi, tenga siku moja ya Old Warden, kijiji cha Bedfordshire karibu na Biggleswade. Pale kuna makumbusho ya ndege ya Shuttleworth. Siyo makubwa, ila ndege zake nyingi bado zinaruka, tena kwenye kiwanja cha nyasi.

Anza na Blériot XI ya 1909. Sisi tuliozoea kuona ndege ndogo za Caravan zikishuka uwanja wa Kisongo na watalii, hii utadhani ni baiskeli iliyoota mabawa: mbao, waya, kitambaa, na injini ya silinda tatu isiyofikisha hata nguvu za farasi 30. Ili igeuke, rubani anayapinda mabawa yenyewe kwa waya. Wakiirusha, ni mruko mfupi tu juu ya nyasi, siku isiyo na upepo.

Sasa dondoo yenyewe: usipige picha za mbele tu ukapita. Inama uchungulie chini ya injini, mara nyingi utakuta sinia la kukingia oili. Halafu nusa. Injini za kale zile zinazozunguka pamoja na pangaboi lake hulainishwa kwa mafuta ya mbarika, yale yale bibi alikunywesha tumbo lilipofunga!

Siku ya maonyesho, zile nyepesi kabisa hutolewa jioni upepo ukitulia, kwa hiyo usikimbilie treni mapema.