Kupanga zamu za mnara na wateja kwenye LTE ya TDD: anza na mteja wa mbali kabisa

Kwenye TDD, aina mojawapo ya LTE (mtandao wa 4G), mnara na wateja hutumia masafa yaleyale kwa zamu. Mnara ukirusha, wateja wanapokea. Wakirusha wao, mnara unasikiliza. Ruta ya mteja wa mbali isiposhika mtandao, mafundi wengi hukimbilia kuongeza nguvu ya redio au kupanda kugeuza antena. Kwa mji uliotapakaa kama Dodoma, mimi huangalia kwanza zamu zilivyopangwa. Kupanda mnara baadaye.

Hatua ya 1: Pima umbali

Pima mstari mnyoofu kwenye ramani, achana na kilomita za barabara. Tuseme mnara upo Mlimwa na mteja wa mwisho yupo Mtumba, kilomita 17. Wimbi la redio hukata takriban mita 300 kwa maikrosekunde moja, kwa hiyo kwenda na kurudi ni maikrosekunde 6.67 kwa kila kilomita. Kwa kilomita 17 ni kama 113.

Tunahesabu kwenda na kurudi kwa sababu ruta inaipata ishara ya mnara ikiwa imeshachelewa, na jibu lake nalo linachelewa njiani. Ili lifike kwa wakati, mnara unaiamuru ruta itangulie kurusha. Huo utangulizi lazima uwe na mahali pa kukaa.

Hatua ya 2: Chagua muda wa ukimya

Zamu hugawanywa kwa fremu ndogo, vipande vya milisekunde moja moja. Mahali penyewe ni kwenye fremu ndogo maalumu, yenye simboli (vipande vidogo vya muda) 14: za mwanzo ni za daunlinki (mnara kwenda kwa mteja), za katikati ni ukimya, za mwisho ni za aplinki (mteja kwenda kwa mnara). Mpangilio namba 7, yaani 10:2:2, unatoa simboli mbili za ukimya, sawa na maikrosekunde 143. Toa takriban 20 za redio kugeuka kutoka kurusha kwenda kupokea, zinabaki 123. Hiyo ni kilomita 18 na ushee. Mtumba inaingia, ila kwa kubana.

Namba 6, yaani 9:3:2, inakufikisha karibu kilomita 29 kwa gharama ya simboli moja tu ya daunlinki. Mimi ningeichukua bila kusita.

Hatua ya 3: Linganisha na PRACH

Hapa ndipo watu hukwama, maana ukimya unatosha na ruta bado haishiki. Kabla ya kuambiwa itangulie kiasi gani, ruta hupiga hodi kwa mlio wa PRACH bila kujua umbali wake. Mlio huo una fomati, na kila fomati ina mwisho wake: fomati 0 inafika takriban kilomita 14.5, fomati 2 karibu 29, fomati 1 karibu 77. Mteja wetu wa kilomita 17 ameshatoka nje ya fomati 0.

Utasema basi niweke fomati 2. Ngoja kwanza. Fomati 1 na 2 zinachukua milisekunde mbili, hivyo zinahitaji fremu ndogo mbili za aplinki zinazofuatana. Mgao namba 2 wa TDD, unaopendwa kwa sababu unampa mteja kasi ya kupakua, una moja moja tu: D S U D D, kisha unarudia (D ni daunlinki, S ni fremu ndogo maalumu, U ni aplinki). Fomati 2 haina pa kuingia. Inabidi uhamie mgao namba 1, D S U U D. Kasi ya kupakua itashuka, na mwenye mtandao atanuna; mwonyeshe hesabu hii kabla hujabadili.

Kama wateja wote wapo Area C, Kizota na Nkuhungu, kwa mnara uleule, baki na mgao namba 2 na fomati 0.

Hatua ya 4: Funga saa kwenye GPS

Minara jirani kwenye masafa yaleyale ianze fremu pamoja na itumie mgao mmoja, la sivyo daunlinki ya huyu inamziba masikio yule. Lenga kosa lisizidi maikrosekunde 1.5 kila mnara. Weka antena ya GPS inapoona anga wazi, isikingwe na mwamba wala tangi la maji. Kosa la masafa la 0.05 ppm (sehemu kwa milioni) linaruhusiwa kwa LTE, lakini saa yenye kosa hilo ikipoteza GPS hupotea maikrosekunde 1.5 ndani ya sekunde 30. Usiridhike na taa ya kijani. Weka tahadhari ya GPS ikufikie kwenye simu.

Hatua ya 5: Soma utangulizi wa kila ruta

Utangulizi huo mnara huuonyesha kwa namba iitwayo TA. Kila namba moja ya TA ni takriban mita 78. Mteja wa kilomita 17 asome karibu 218. Akisoma 60, ama ramani yako ina makosa ama ameshika mnara mwingine. Akisoma zaidi, huenda wimbi linamfikia kwa kugonga kilima.

Hatua ya 6: Chungulia kelele za alfajiri

Usiku mkavu na tulivu kwenye tambarare, hewa ya chini ikipoa kuliko ya juu, wimbi linaweza kusafiri mbali kupita kawaida. Kwa ukimya wa maikrosekunde 143, daunlinki ya mnara ulio zaidi ya kilomita 43 inaweza kuangukia aplinki yako ingawa saa zenu zimelingana. Utaitambua hivi: kelele zinapanda kabla ya jua, simboli za kwanza za aplinki zinaumia kuliko za mwisho, na jua likipanda zinaisha. Namba 5, yaani 3:9:2, inasogeza mpaka huo hadi kilomita 190 hivi, lakini inakula simboli saba za daunlinki ukilinganisha na namba 7. Iweke kwenye sekta (upande wa mnara) inayoumia tu, na kwa saa hizo tu kama programu ya mnara inaruhusu ratiba.