Kumtafuta mhenga wa wenye uti wa mgongo kupitia jenomu za wanyama walio hai

DNA haidumu kwenye mwamba. Ya zamani zaidi iliyowahi kusomwa ina takriban miaka milioni 2, ilhali samaki wa kwanza waliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Visukuku vyao vimetuachia umbo, jeni zao hazipo tena. Kilichobaki ni kuwahoji wazao walio hai, tukijua kwamba kila mmoja amesahau jambo lake.

Zoezi hili linahitaji kompyuta ya kawaida, intaneti na siku mbili za utulivu. Tutalinganisha jenomu, yaani DNA yote ya kila mnyama. Nimechagua familia ndogo ya jeni iitwayo ERBB, zinazotengeneza vipokezi vya ishara za ukuaji wa chembe, kwa sababu matokeo yake yanaonekana kwa macho kabla hata hujajenga mti wa ukoo wa jeni.

Hatua ya 1: Chagua mashahidi

Wengi huanza na mnyama anayeonekana "duni", wakidhani huyo ndiye babu. Hakuna babu aliye hai. Amfioksi, yule mnyama mdogo wa baharini aliye kama dagaa asiye na fuvu, amebadilika kwa miaka mingi sawasawa na sisi.

Hata ukaribu wa ukoo hautoshi. Mwaka 2006 uchambuzi wa jeni 146 ulionyesha kwamba tunikati, wanaoishia ukubwani wakiwa kama vifuko vilivyong'ang'ania mwamba, ni jamaa zetu wa karibu kuliko amfioksi. Lakini jenomu zao zimepoteza mengi na kupangwa upya kupita kiasi. Kundi la jeni za Hox (zile zinazopanga mwili kutoka kichwa hadi mkia) la Ciona, mmoja wa tunikati, limevunjika vipande. Kwa hiyo mimi huanza na amfioksi. Ni jamaa wa mbali, ila kumbukumbu yake ni nzuri.

Ongeza lamprei na hagifishi (hawana taya), Callorhinchus milii ambaye ni jamaa wa papa na taa, kisha kuku na binadamu. Ukitaka samaki wa mifupa, mchukue Lepisosteus oculatus. Samaki wengi wa mifupa wa leo walirudufu jenomu yao mara ya ziada, na mwanzoni watakuchanganya tu.

Hatua ya 2: Pakua na usafishe

Faili za protini zipo Ensembl na NCBI, hifadhi za data za jenomu mtandaoni. Bakiza protini moja kwa kila jeni, ile ndefu zaidi. Niliwahi kuruka hatua hii nikashangilia "nakala mpya" kwa wiki nzima. Kumbe ilikuwa jeni moja inayotoa protini za urefu tofauti.

Kwa lamprei, angalia DNA ilitoka wapi mwilini. Mnyama huyu akiwa kiinitete hutupa takriban sehemu moja ya tano ya DNA yake kutoka kwenye chembe za mwili, akaibakiza kwenye chembe za uzazi pekee. Jenomu ya 2013 ilitokana na ini; ile ya 2018 ilitokana na mbegu za kiume. Tumia ya pili, la sivyo utaandika kwamba jeni fulani haipo kumbe ilitupwa tu.

Hatua ya 3: Chora jedwali la ujirani

Chukua protini ya EGFR ya binadamu, mojawapo ya familia ya ERBB, itafute kwa BLAST (programu ya kutafuta mifuatano inayofanana) katika kila spishi, na uandike kromosomu ya kila jibu. Kwa binadamu utapata EGFR kromosomu 7, ERBB2 ya 17, ERBB3 ya 12, ERBB4 ya 2.

Sasa weka jeni za Hox pembeni: HOXA 7, HOXB 17, HOXC 12, HOXD 2. Ongeza kolajeni: COL1A2 7, COL1A1 17, COL2A1 12, COL3A1 2.

Familia tatu zisizo na undugu wowote, kromosomu nne zilezile. Jeni moja kurudufiwa ni jambo la kawaida. Mtaa mzima kuhama na majirani zake ni habari nyingine. Mwanajenetiki Susumu Ohno alipendekeza mwaka 1970 kwamba jenomu nzima iliwahi kurudufiwa huko nyuma, na hapa unaiona alama yenyewe. Amfioksi ana kundi moja tu la Hox.

Hatua ya 4: Jenga mti

Weka protini zote za ERBB ulizopata katika faili moja, erbb.fa. Programu ya mafft huzipanga, iqtree2 hujenga mti:

mafft --auto erbb.fa > erbb_pangwa.fa
iqtree2 -s erbb_pangwa.fa -m MFP -B 1000

Tawi refu kuliko mengine lichunguze kwanza. Jeni zinazobadilika haraka huvutana zenyewe kwa zenyewe, zikaonekana ndugu bila kuwa ndugu.

Hatua ya 5: Shuku nakala zilizopotea

Hapa ndipo watu huumia. Tuseme mhenga alikuwa na nakala A na B. Papa akapoteza A, lamprei akapoteza B. Mti utalinganisha B na A kana kwamba ni jeni ileile, na tarehe utakayopata itakuwa ya kurudufiwa kwa jeni, si ya kutengana kwa wanyama. Programu haitakuonya, na namba za uthabiti zitapendeza.

Dawa ni kurudi kwenye jedwali la ujirani. Njia hiyo ndiyo iliyosaidia kutatua kitendawili cha lamprei, mwenye makundi sita ya Hox badala ya manne. Kwa kulinganisha kromosomu nzima na vitalu 17 vya kromosomu vya mhenga wa amfioksi na sisi, kazi za 2020 na 2024 zilifikia kwamba kurudufiwa kwa kwanza ni kwetu sote, kwa pili ni kwa wenye taya pekee, na wasio na taya wakazidisha jenomu yao kivyao.

Zoezi la kujipima

Rudia hatua ya 3 kwa RARA, RARB na RARG, jeni za vipokezi vya asidi ya retinoiki. Utapata RARA kwenye 17 na RARG kwenye 12, lakini RARB iko kwenye 3. Usiifute bado. Tazama jirani yake THRB, jeni ya kipokezi cha homoni ya tezi ya shingo, kisha angalia ndugu wa THRB, yaani THRA, anakaa karibu na nani kwenye 17.