Mambo ya kuzingatia kabla ya upasuaji wa vena zilizovimba miguuni

Vena za miguuni hupandisha damu kuelekea moyoni kwa msaada wa vali ndogo zinazoizuia isirudi chini. Vali hizo zikilegea, hasa pale kinenani ambapo vena kubwa ya juu huungana na ile ya ndani, damu hutuama na vena hutanuka, zikajipinda na kujitokeza chini ya ngozi. Ndiyo maana mafundo yanayoonekana kwenye shavu la mguu mara nyingi si chanzo cha tatizo, na anayekubali yaondolewe kabla chanzo hakijajulikana asishangae yakimrudia.

Kwa hiyo kipimo ambacho, kwa maoni yangu, hakifai kurukwa hata fedha zikiwa haba ni ultrasaundi ya Doppler inayofanywa mgonjwa akiwa amesimama. Mpimaji huliminya shavu la mguu kisha akaliachia ghafla, huku akitazama kwenye skrini. Vali ikiwa mbovu, damu huonekana ikirudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde. Kipimo hicho pia huonyesha kama vena za ndani zina damu iliyoganda. Zikiwa zimeziba, huenda vena za juu ndizo zinazobeba mzigo wote, na kuzitoa kunaweza kuuzidishia mguu uvimbe. Hakikisha ripoti imemfikia daktari atakayepasua, wala isibaki kwa aliyekupa rufaa.

Ukiwa na ripoti hiyo, uliza utafanyiwa nini hasa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 ulitanguliza kuiziba vena kwa joto la leza au mawimbi ya redio, ukafuatisha dawa ya povu inayodungwa ndani ya vena, na upasuaji wa kuifunga vena na kuivuta ukaja baada ya hizo. Pasipo mashine hizo, upasuaji wa kuvuta bado ni tiba halali, ila ujue mapema kwamba michubuko hukaa wiki kadhaa na kwamba neva iliyo jirani na vena ikiguswa, ngozi karibu na kifundo inaweza kubaki na ganzi. Mambo haya yaelezwe kabla hujatia saini fomu ya ridhaa. Mjamzito kwa kawaida hushauriwa asubiri, kwa kuwa vena nyingi hupungua baada ya kujifungua.

Dawa unazotumia ziandike zote: warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), aspirini, insulini, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, hata dawa za mitishamba ambazo wengi huona haya kuzitaja. Baadhi huongeza kutokwa na damu, nyingine huongeza hatari ya damu kuganda. Lakini usiache yoyote kwa uamuzi wako. Kama una bima, omba kibali mapema, na maumivu, uvimbe au kidonda viandikwe kwenye faili, maana tatizo hili huweza kuchukuliwa kuwa la urembo tu.

Soksi za kubana zipimwe asubuhi, mguu haujavimba, na mapigo ya damu ya mguuni yakaguliwe kwanza, kwa sababu mguu usiopata damu ya kutosha unaweza kuumizwa na soksi hizo. Usijinyoe kwa wembe nyumbani. Vijeraha vyake hukaribisha maambukizi. Hina nyeusi na rangi ya kucha ziachwe kwa muda, kwani huweza kutatiza kipimo cha oksijeni kinachovalishwa kidoleni.

Kwa kawaida chakula, pamoja na chai ya maziwa, huachwa saa sita kabla ya ganzi au usingizi, na maji matupu saa mbili, isipokuwa umeelekezwa vingine. Usipake mafuta miguuni siku hiyo, kwani daktari atakusimamisha na kuzichora vena kwa kalamu ya wino. Ukishalala, vena hizo hunywea na kupotea machoni.

Wanaotoka mbali wapange pa kufikia karibu na hospitali, kwani safari ya basi ya kutwa nzima mara baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda. Anayefanya kazi ya kusimama, kama mwalimu au kinyozi, aombe ruhusa mapema. Chukua pia namba ya simu inayopokelewa usiku: shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, usingoje tarehe ya kliniki.