Somo: Kusoma Bila Akili Kutoroka

Malalamiko ninayoletewa sana na vijana hapa Lamu ni haya: "Mwalimu, nakaa na kitabu saa tatu, nikiinuka sina nilichokipata." Aliyekaa saa tatu si mvivu, kwa hivyo tusianze na lawama. Kitabu hakikumwuliza kitu, na akili isiyoulizwa huondoka ikaenda zake. Hatua ni tano. Ya tatu ndiyo somo lenyewe; nyingine zinaifungulia njia.

Hatua ya 1: Saa na mahali

Mji wa kale hauna magari, lakini tuna punda, spika na majirani wanaozungumza dirisha kwa dirisha. Ukingoja kimya hutasoma. Tafuta saa yako. Kwa wengi ni baada ya swala ya alfajiri: hewa ina ubaridi na hakuna anayekuita. Asiyeweza alfajiri achukue baada ya isha, asijitese. Mchana wa kaskazi shuka chini, usikae chini ya mabati. Kuta nene za matumbawe zinaweka ubaridi. Mahali pawe palepale kila siku.

Hatua ya 2: Simu itoke chumbani

Kuigeuza kifudifudi hakutoshi. Mpe mama, au iache chumba kingine. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba mtu akiiacha kazi moja kabla haijaisha akarukia nyingine, sehemu ya fikira zake hubaki kule alikotoka. Ule "ujumbe mmoja tu" unausoma kwa nusu dakika, kisha unarudi kwenye hesabu ukiwa nusu mtu.

Hatua ya 3: Uliza, soma, funga, sema

Kabla ya kusoma, andika maswali matatu kwenye karatasi. Tuseme ni biolojia, mzunguko wa damu: Damu inayotoka upande wa kulia wa moyo inakwenda wapi? Inafuata nini huko? Kwa nini ukuta wa upande wa kushoto ni mnene zaidi? Sasa soma ukiyawinda majibu. Ukidhani umeyapata, funga kitabu kabisa, useme kwa sauti au uandike. Kisha fungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine.

Aliyepita chuoni, yaani madrasani, hahitaji kufundishwa hili. Juzuu ya Amma hatukuihifadhi kwa kuutazama msahafu. Tuliufunga, tukasikilizwa, tukakosea, tukarudishwa pale pale tulipoteleza. Ajabu ni kwamba mtoto huyohuyo akifika skuli husoma historia kwa kupaka rangi ya manjano kila mstari, mpaka ukurasa mzima unang'aa na kichwani hamna kitu. Tofauti iko moja, na ni kubwa: ya skuli usiyakariri maneno ya kitabu. Yaseme kwa maneno yako, kama unamweleza mdogo wako.

Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliupima mtindo huu mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi lilisoma makala mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha likajitahini mara tatu bila kuitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40 hivi, na waliojitahini asilimia 61. Zile dakika 5 ndizo zinazotudanganya: ukimaliza kurudia unajiona umeiva, na mtihani hauji baada ya dakika 5.

Hatua ya 4: Pumzika kwa mpango

Mwitaliano Francesco Cirillo, mwishoni mwa miaka ya 1980, alijipangia dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Mimi sishikilii 25. Anayeanza na 10 aanze na 10. Wakati wa mapumziko inuka, kunywa maji, nenda ukae dakani, pale barazani mlangoni, upate upepo. Simu bado.

Hatua ya 5: Karatasi ya pembeni

Fikira ikija ("sijampelekea bibi dawa"), iandike, uendelee.

MASWALI YA WANACHAMA

*Assalaam alaykum mwalimu. Masomo yetu yote yanatumwa kwa WhatsApp. Simu nitaiachaje?*

Waalaykum salaam. Pakua yote kwa mkupuo mmoja, kisha zima data. Maswali na majibu yabaki kwenye daftari. Simu utaishika wakati wa kusoma na wa kusahihisha; wakati wa kusema iko mbali.

*Nimejaribu kufunga kitabu. Sikukumbuka hata kitu kimoja, nikakata tamaa.*

Ulikata kipande kikubwa mno. Anza na aya moja. Na pale ulipokwama ndipo unapojifunzia. Fungua, tazama hilo moja tu, funga tena. Kesho lirudie kabla ya somo jipya.

*Mwalimu, wenzangu wanatafuna muguka (aina ya miraa) wakeshe. Wanasema unasaidia.*

Unasaidia kukaa macho, hapo hawakudanganyi. Ndani yake mna kathinoni, kichangamshi kinachofukuza usingizi. Lakini ubongo unayatuliza uliyoyasoma wakati umelala. Ukikesha unaingiza kwa mkono huu na kumwaga kwa ule, na asubuhi ya mtihani mikono inatetemeka. Lala, mwanangu. Amka alfajiri.

*Mimi ni mama, niko mtaa wa Langoni. Chumba kimoja, watoto wanne, huyu wa kidato cha tatu atasoma wapi?*

Pole, dada, hili ni gumu kuliko yote niliyoandika juu. Ndani ya Ngome ya Lamu mna maktaba. Mwanao aende akaulize saa zake kwanza. Kuanzia 1910 hadi 1984 jengo hilo lilikuwa jela, leo watu wanaingia kwa hiari. Ikishindikana, wape wadogo kazi: mmoja ashike daftari la maswali, amsikilize kaka yake. Yule aliyekuwa akipiga kelele sasa ndiye mwenye kutahini, na wanavyopenda kumkamata mkubwa akikosea!

*Na wiki ya Maulidi? Nyumba imejaa wageni kutoka kila upande.*

Nenda Maulidini. Kuketi na kitabu huku masikio yako yako kwenye matari ya msikiti wa Riyadha ni kujichosha bure. Baada ya alfajiri, wageni wakiwa wamelala, sema majibu ya maswali ya zamani kwa robo saa. Mapya yangoje waondoke.