Kufuatilia Ngozi ya Titi kwa Kamera ya Joto Wakati wa Tiba ya Mionzi

Mionzi inayoua chembe za saratani ya titi hupita kwanza kwenye ngozi, na ngozi huumia. Mishipa midogo ya damu hutanuka, damu nyingi zaidi hupita, na sehemu hiyo hupata joto. Vitabu vingi vya mafunzo humwelekeza mhudumu atafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri. Ngozi huzidi tu kuwa nyeusi, na mgonjwa aliyekwisha kuumia anaweza kuandikiwa kwamba hana tatizo. Kamera ya joto haijali rangi. Ngozi ya kila binadamu hutoa mionzi ya infraredi (mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho) kwa kiwango kinachokaribiana sana, takribani 0.98 kwa mizani ambayo upeo wake ni 1, na kwa sababu hiyo naamini chombo hiki kina manufaa makubwa katika vituo vyetu vya Afrika Mashariki.

Kabla ya kuendelea, jambo moja liwe wazi. Mwongozo huu unahusu kufuatilia ngozi ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeshathibitishwa, wala hauhusu kutafuta saratani. Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba picha za joto hazichukui nafasi ya mamografia (picha ya eksirei ya titi), na kituo kinachonunua kamera kinapaswa kuwaeleza hivyo wanaoomba kupigwa picha bila kufanyiwa vipimo vingine.

Picha yenye thamani kuliko zote ni ile inayopigwa kabla ya kipindi cha kwanza cha mionzi. Matiti mawili ya mwanamke mmoja hayalingani joto hata akiwa mzima, na titi lililofanyiwa upasuaji majuma machache yaliyopita linaweza kuwa na joto zaidi kwa sababu ya kovu linalopona au majimaji yaliyojikusanya. Bila picha hiyo ya mwanzo, huwezi kujua ni kiasi gani cha joto kimeletwa na mionzi. Baada ya hapo, piga picha mara moja kila wiki, siku ileile na saa ileile ikiwezekana, kabla mgonjwa hajalala kwenye mashine.

Chumba kiwe na joto la kati ya nyuzi 20 na 24 za Selsiasi, na kibaki hivyo. Kiyoyozi kisimpulizie mgonjwa, pangaboi lizimwe, na dirisha linaloingiza jua lifunikwe. Mgonjwa aambiwe tangu siku iliyotangulia asipake mafuta wala losheni kifuani asubuhi hiyo, na asinywe chai ya moto wala kuvuta sigara katika saa mbili za kabla ya kipimo. Akifika avue sidiria na nguo za juu, kisha akae dakika 15 kifua kikiwa wazi, mikono ikiwa mbali na mwili. Hapa ndipo vituo vingi vinaweza kukosea kwa nia njema: mama anaona haya, anapewa khanga ajifunike, na khanga hiyo inahifadhi joto upande mmoja kuliko mwingine. Afadhali kuweka pazia, kumpa mhudumu wa kike, na kumweleza kwa upole sababu ya kukaa hivyo. Kama anatumia dawa za homoni na anapatwa na joto la ghafla mwilini, subirini lipite.

Kamera iwashwe mapema ili itulie, ikae kwenye stendi umbali wa mita moja, na mahali pa stendi na pa kiti pawekewe alama ya utepe sakafuni. Weka emisiviti, yaani kile kiwango cha ngozi kutoa mionzi ya joto, iwe 0.98. Piga picha moja ya mbele na mbili za pembeni kwa nyuzi 45, mikono ikiwa juu ya kichwa, kwa maana ngozi inayotazamwa kwa mshazari mkubwa husomeka kuwa baridi kuliko ilivyo. Zima upangaji wa rangi wa kujiendesha na uchague kipimo kimoja, tuseme nyuzi 28 hadi 38, kitumike kwa mgonjwa huyo hadi mwisho. Vinginevyo rangi nyekundu ya wiki hii haitakuwa na maana sawa na ya wiki iliyopita. Hifadhi faili lenye vipimo vya joto vya kila nukta, si picha ya rangi peke yake.

Katika kusoma, usitegemee namba moja pekee, kwa kuwa kamera nyingi huweza kukosea hadi nyuzi 2. Linganisha pande mbili ndani ya picha moja. Tuseme kabla ya tiba titi la kulia linalotibiwa lilikuwa 33.4 na la kushoto 33.1, tofauti ikiwa 0.3, wiki ya tatu la kulia likawa 34.9 na la kushoto 33.3, tofauti ikiwa 1.6. Ongezeko la kuandika ni nyuzi 1.3. Kwa mwanamke aliyeondolewa titi lote, ukuta wa kifua haulingani na titi lililobaki, hivyo chagua eneo la ngozi lililo nje ya mionzi, kwa mfano chini ya mtulinga wa upande wa pili, na usilibadilishe.

Kuna mtego mmoja unaohitaji uangalifu kuliko mingine. Kwapani na kwenye mkunjo wa chini ya titi, ngozi husuguana, hulowa jasho, na hatimaye inaweza kuchubuka na kutoa majimaji. Majimaji yanapokauka hupoza ngozi. Kwenye picha utaona titi lote limewaka, na katikati ya mwako huo kuna ukanda wa baridi unaofuata mkunjo, na asiyezoea atafurahi kudhani kwamba hapo pamepona, kumbe ndipo palipoumia zaidi. Kila penye ukanda wa baridi ndani ya eneo la mionzi, mkunjo uinuliwe, ngozi itazamwe kwa macho na iandikiwe daraja lake, 0 hadi 4 katika mizani ya RTOG, inayopima ukali wa madhara ya mionzi. Joto linalopanda ghafla pamoja na homa na maumivu makali liletwe kwa daktari siku hiyohiyo, kwani huenda ni maambukizi.

Msiache kupima siku ya mwisho ya tiba. Mgonjwa anayepata grei 40 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 15 humaliza katika wiki tatu, lakini ngozi mara nyingi hufikia hali yake mbaya zaidi wiki moja au mbili baadaye, wakati aliyetoka Kigoma kuja Dar es Salaam ameshapanda basi la kurudi nyumbani. Ikiwa picha ya mwisho inaonyesha tofauti ya joto bado inapanda, mwombeni abaki karibu hadi picha ya wiki inayofuata, au mpeni barua ya kituo cha afya cha kwao inayoeleza ni sehemu gani ya kuchunguzwa na siku gani.